Nimepata nafasi ya kujitolea hospitali, baba anajua nimepata kazi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Dodoma mjini, Nkuhungu. Nimesoma stashahada ya uuguzi na ukunga miaka mitatu, nikafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni ninayo tangu mwaka jana. Kazi ndiyo sina. Kwa sasa nasaidia kwenye duka la dawa muhimu la mama mmoja hapa mtaani, ananipa elfu tano kwa siku na chai ya saa nne. Namshukuru sana, ila kutwa nzima nahesabu vidonge na kubishana na watu wanaotaka kununua nusu dozi.

Mwezi uliopita hospitali moja kubwa hapa mjini ilitangaza nafasi 12 za wauguzi wa kujitolea. Siku ya usaili nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikakuta foleni imeshatoka nje ya geti. Kuna waliotoka Kondoa, Mpwapwa, hata Manyoni. Wengine nimesoma nao, wengine walimaliza chuo miaka mitatu kabla yangu. Tulifanya mtihani wa kuandika, waliopita wakaitwa mchana kwa mahojiano. Nikaambiwa niweke kanyula, ule mrija wa dripu, kwenye mkono wa plastiki. Halafu metroni, mkuu wa wauguzi, akaniuliza: mama amejifungua sasa hivi, damu inatoka nyingi, uko naye peke yako, unaanza na nini? Nikamwambia, naita msaada, huku mkono wangu mwingine uko tumboni kwake nakanda mji wa mimba. Aliinua macho akanitazama, kisha akaandika. Nadhani ni hapo nilipopata.

Ujumbe wa kuchaguliwa uliingia jioni, nikapiga kelele mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia. Nikampigia baba hapo hapo. Baba analima zabibu Hombolo, siku hiyo alikuwa shambani anapogolea. Nikamwambia, "Baba, nimepata nafasi hospitali." Alichosikia ni kazi. Akaanza kusema "Bwana asifiwe" hata hapumui, akamwita mama aje ashike simu. Shangazi, nilishindwa kumkatiza. Jumapili iliyofuata akapeleka debe la uwele kanisani, sadaka ya shukrani, na kwenye matangazo likasomwa jina langu.

Ukweli ni kwamba kujitolea huku ni miezi sita bila mshahara. Barua imeandika wazi kuwa hakuna ahadi ya ajira, na posho ya nauli "itategemea mapato ya hospitali". Waliotangulia wananiambia kuna miezi inatoka na kuna miezi haitoki.

Kinachonikosesha usingizi ni deni. Mwaka wangu wa mwisho chuoni baba alikopa laki tisa kwa jirani ili nilipe ada, akamwekea rehani mistari minane ya mizabibu. Jirani anavuna mpaka alipwe, na tayari ameshavuna misimu miwili. Sasa baba amemwambia kuwa mwisho wa mwezi ujao binti yake ataanza kupunguza. Na kaka yangu ameniandikia nijiandae na ada ya mdogo wetu wa kidato cha pili.

Wakati huo huo mama mwenye duka ana ndugu yake mwenye zahanati kijijini, upande wa Bahi. Anataka muuguzi. Mshahara 280,000 na chumba cha bure nyuma ya zahanati. Tabibu anaondoka jioni, usiku ningekuwa peke yangu na mlinzi. Wanataka nikabidhi vyeti halisi na leseni siku ya kuanza.

Ili ujue hali yangu: chumba nachangia 35,000 kwa mwezi, daladala 600 kwenda na 600 kurudi, chakula nikijibana ni 3,000 kwa siku. Rafiki ninayeishi naye aliomba nafasi ile ile akakosa. Siku hizi nikianza kulalamika anachukua ndoo anaenda bombani.

Natakiwa kuripoti tarehe moja. Sare nimeshaifua na kuipiga pasi mara mbili. Niende hospitali wazazi waendelee kukosa mizabibu yao, au niende zahanati nipoteze nafasi ambayo watu wameililia? Na baba nimwambieje?

Binti wa Hombolo

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na hongera. Naanza na hongera kwa sababu naona katika kelele zote hizi hakuna aliyekupa hongera ya kile ulichokipata hasa. Baba alikupongeza kwa kazi ambayo haipo. Rafiki yako hawezi kukupongeza kwa sasa, na tusimlaumu. Wewe mwenyewe umeshaanza kuiona nafasi kama mzigo. Ulipita kwenye foleni ile kwa akili yako na mikono yako.

Umeniuliza uchague hospitali au zahanati, halafu swali la baba ukalipachika mwishoni kama kitu kidogo. Mimi nimeisoma barua kinyume chake. Naona mambo matatu yamefungwa kwenye fundo moja: mahali pa kufanya kazi, deni la laki tisa, na ule ukimya wa kwenye simu. Ukianza kuvuta uzi wa kwanza fundo linakaza. Kwa hiyo niruhusu nianze na wa mwisho.

Hujamdanganya baba. Ulisema nafasi, yeye akasikia kazi, na kwa mzee aliyeuza jasho lake ili usome ilikuwa lazima asikie hivyo. Lakini tangu siku ile mambo yamesogea. Amekwenda kwa jirani akatoa ahadi ya mwezi ujao. Ahadi hiyo inakutegemea wewe, ila aliyeitamka ni yeye, na siku ikifika bila pesa atakayesimama mbele ya jirani kujieleza ni yeye pia. Ndiyo maana nasema kukaa kimya hapa kuna gharama, na anayelipa si wewe.

Unaamini ukweli utamvunja moyo. Inawezekana. Lakini ukiangalia vizuri, katika barua nzima hakuna mahali baba amesema lolote kuhusu kujitolea, kwa sababu hajawahi kuulizwa. Maneno yote ya huzuni yake umeyaandika wewe kwa niaba yake. Metroni alikuuliza ukiwa peke yako na hali mbaya unaanza na nini, ukamjibu bila kusita kwamba unaita msaada. Hili la nyumbani umeamua kulikabili ukiwa peke yako kabisa, na damu inaendelea kutoka.

Akijua, yapo ambayo yanaweza kutokea na usiyapunguze. Anaweza kukasirika. Anaweza kuona aibu kwa sababu ya lile debe la uwele na tangazo la kanisani. Anaweza kusema rudi nyumbani, au nenda huko kwenye mshahara, na hapo utakuwa na kazi ngumu ya kutetea unachokitaka. Kaka naye atakuwa na lake. Ila utakuwa unabishana na watu wanaojua unachozungumzia. Ukipiga simu, usizunguke sana. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: "Baba, siku ile ulifurahi nikashindwa kumalizia. Nimechaguliwa kati ya watu wengi, ila miezi sita ya kwanza hakuna mshahara." Kisha mwache anyamaze. Wazee wetu wakinyamaza kwenye simu tunadhani laini imekatika, tunaanza kusema "haloo, haloo" na kujaza maneno yasiyo na maana. Mwache tu.

Na katika mazungumzo hayo kuna swali moja naomba umuulize, kwa adabu, la mizabibu. Umesema jirani anavuna mpaka alipwe, na ameshavuna misimu miwili. Anachovuna kinapunguza deni, au deni limebaki laki tisa vile vile na mavuno ni faida yake? Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na mistari minane si kitu kidogo. Kuna aliyehesabu kreti? Walikubaliana mbele ya nani? Sikuambii jirani ni mwizi, huenda alimsaidia baba siku ambayo hakuna mwingine aliyekubali. Lakini umebeba laki tisa kichwani kama namba iliyochongwa kwenye jiwe, na pengine ni namba ambayo wazee wakikaa na balozi wa nyumba kumi au mtu wa kanisa inaweza kuzungumzika. Hata kuomba ahadi isogezwe mwezi mmoja ni jambo linalowezekana kabla tarehe haijafika. Ikishapita ni gumu zaidi.

Sasa hospitali. Umeandika kama vile kujitolea ndiko mlango wa ajira. Tuangalie kidogo. Ajira za serikali kwa kada ya afya zinatangazwa, watu wanaomba kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, wanaitwa usaili. Hapo hapo mjini kwenu, Bungeni, wabunge wamesimama mara nyingi kuomba wanaojitolea wapewe kipaumbele, na mimi nawaunga mkono kwa mikono miwili. Lakini kilichoombwa Bungeni kinakuwa haki yako pale kinapoandikwa kwenye tangazo unaloomba. Hospitali yenyewe imekuambia kwa maandishi kwamba haiahidi. Nakushauri uwaamini kwa hilo.

Haina maana kwamba hakuna unachopata. Kuna mikono, kwanza. Mwaka mzima umekaa dukani, na wewe unajua kuliko mimi jinsi mkono unavyosahau kutafuta mshipa kwa mtoto aliyeishiwa maji. Wodi ya watoto, leba, chumba cha upasuaji, hayo huwezi kuyasoma upya kwenye daftari. Kuna mafunzo ya ndani ambayo yatakusaidia wakati wa kuhuisha leseni. Kuna wasimamizi wanaoweza kukuandikia barua na ukasikika hata kwenye hospitali za mashirika ya dini, maana waajiri hawaishii serikalini. Hayo ni mali, ila hayalipi deni.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu yako. Chumba 35,000. Nauli 1,200 kwa siku 26 ni 31,200. Chakula 90,000. Jumla 156,200 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni 937,200. Yaani kujitolea kwako, bila kununua hata sabuni, kunagharimu zaidi ya lile deni la baba. Hiyo ndiyo bei halisi ya nafasi yako, na nani ataitoa ni swali ambalo barua ya hospitali haikujibu. Ukisema utarudi dukani jioni, unaweza, wapo wanaofanya. Lakini muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akaenda kusimama dukani, kisha akarudi wodini, anakosea dozi. Usinijibu kwamba wewe kijana una nguvu.

Ukitaka kwenda, kabla ya kuweka sahihi nenda kamwone metroni yule yule. Alikuangalia vizuri, ataongea nawe. Muulize ni zamu ngapi kwa wiki, na kama zinaweza kupangwa ukabaki na siku za kutafuta riziki. Muulize kama utakuwa chini ya muuguzi mzoefu, au ni wale wa kujitolea wanaoachiwa wodi usiku kwa sababu wafanyakazi hawatoshi. Hili linatokea na watu hawapendi kulisema. Halafu muulize hili ambalo wasichana wengi wanaona haya kuuliza: nikichomwa na sindano iliyotumika, nani ananihudumia? Unajua mwenyewe kwamba dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza mapema na hazingoji kupita saa 72. Umeshakamilisha chanjo ya homa ya ini B, dozi zote tatu? Mwenye mkataba ana bima, anajua pa kwenda. Wa kujitolea asiyeuliza mapema anaweza kujikuta anazunguka na faili huku saa zinakimbia.

Nije zahanati. Nimeona unaitaja kama adhabu, kama mahali pa waliokosa. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Mama wa kijijini anayeleta mtoto ana degedege usiku wa manane hana habari ya hospitali kubwa, anakujua wewe. Utafanya kliniki ya mama na mtoto, utapima presha, utafunga vidonda, utajifunza kuamua haraka nani apewe rufaa. Na kwa pesa, chumba bure, nauli hakuna: ukitoa chakula unabakiwa na 190,000. Ukituma 150,000 nyumbani kila mwezi, kwa miezi sita ile ile deni limekwisha, hata bila kumgusa jirani kwenye mavuno. Nimelazimika kukuonyesha hesabu hii kwa sababu ya ile ya kwanza.

Ila nina mashaka mawili, na yote yamo kwenye barua yako. La kwanza ni usiku. Uliita msaada kwenye usaili ukapata alama, huko ukiita anayeitika ni mlinzi. Mjamzito akija saa nane usiku anavuja damu, gari liko wapi? Simu ya tabibu inapatikana? Yakiharibika, leseni itakayoulizwa ni yako, si ya mwenye zahanati. La pili ni vyeti halisi. Mwajiri ana haki ya kuviona, kuvikagua, kubaki na nakala zilizothibitishwa. Kubaki navyo kabatini ni jambo jingine. Nimepokea barua za mabinti walioshindwa kuondoka kazini kwa sababu vyeti vimefungiwa na mshahara wa miezi miwili haujatoka. Leseni ndiyo usiiache kabisa, maana jina lako linaweza kuendelea kutumika ukutani hata ukiwa umeshaondoka. Muulize mama mwenye duka, yeye ni ndugu yao: muuguzi aliyekuwepo kabla yangu aliondoka kwa nini? Jibu lake litakuambia kuliko mimi.

Na kuna njia za katikati ambazo hujazitaja. Zahanati inaweza kukubali kukungoja, au hospitali ikakuruhusu ufanye miezi mitatu, au pakawa na tangazo jingine ambalo hujaliona. Hospitali za misheni mkoani kwenu na hata Singida huajiri kwa mikataba, na mwenye leseni mkononi haombi fadhila. Kila njia ina lake: ukiomba kuchelewa unaweza kuambiwa nafasi imepewa aliyefuata kwenye orodha. Umesema watu wameililia nafasi hii. Ni kweli, lakini machozi ya wenzako hayawezi kukuchagulia. Ukienda kwa sababu tu wengine wanaitamani, mwezi wa tatu, posho haijatoka, hayo machozi yatakuwa yamekauka na wewe uko kwenye daladala na mia sita ya mwisho.

Kuhusu rafiki yako, usimlazimishe akusikilize kwa sasa. Mwache aende na ndoo yake. Siku moja mfuate bombani na ndoo ya pili, mzungumze ya maji.

Sitakuambia wapi uripoti tarehe moja. Siijui sauti ya baba yako, simjui jirani, na sijui ulihisi nini ulipoishika ile kanyula mbele ya watu, ingawa nadhani wewe unajua. Ninachokuomba ni utaratibu tu: baba kwanza, kisha metroni, kisha mwenye zahanati, katika wiki hii. Jumapili baada ya ibada ni saa nzuri ya kumpata baba akiwa ametulia, kabla hajarudi shambani. Na mama awe karibu na simu, maana nina hakika analijua deni lile kuliko wote. Akikwambia kuhusu kreti, niandikie. Nataka kujua zilikuwa ngapi.

Shangazi